Mbung'o haishi kwa damu tupu

Aliyewahi kupita kwa gari katika pori lenye mbung'o anajua jinsi wadudu hao wanavyoliandama gari linalokwenda polepole. Hutokea vichakani kama waliokuwa wakilisubiri, hulifukuza, hutua juu ya kioo, na hapo ndipo unapopata nafasi ya kumtazama mmoja kwa karibu: mabawa yamelazwa moja juu ya jingine kama mkasi uliofumbwa, mdomo umechomoza mbele, na macho mawili makubwa yamechukua sehemu kubwa ya kichwa. Mdudu huyo ameliona gari, amelidhania kuwa mnyama anayetembea, ameukadiria mwendo wake na kuukimbilia. Kazi hiyo yote imefanywa na ubongo mdogo unaoweza kufichwa nyuma ya kichwa cha pini.

Jambo ambalo limenishughulisha kwa muda mrefu ni chakula cha ubongo huo. Mbung'o, dume kwa jike, hutegemea damu maisha yake yote. Mbu jike naye hunywa damu anapotaka kutengeneza mayai, lakini siku nyingine hunyonya maji matamu ya maua, na alipokuwa kiluwiluwi alikula vijidudu na uchafu wa majini. Mbung'o hana siku nyingine wala utoto wa namna hiyo. Damu ina protini tele na madini ya chuma kupita kiasi, lakini vitamini za kundi B zilizomo ni chache mno kuweza kumtosha mdudu asiyekula kitu kingine. Hata hivyo neva zake zinafanya kazi, tena kwa wepesi unaowatesa ng'ombe na wachungaji kuanzia mwambao wetu hadi Senegali. Hoja yangu katika makala haya ni kwamba vitamini za mdudu zinapaswa kuhesabiwa kuwa sehemu ya mitambo ya mfumo wake wa neva, na kwamba sisi tunaoishi na mbung'o tunayo sababu kubwa kuliko watu wengine ya kufuatilia njia zinazopitia, kuanzia zinapotengenezwa hadi zinapotumika.

Katika mazungumzo yetu ya kila siku neno vitamini limeambatana na nguvu. Mtoto akidhoofika huambiwa apewe vitamini, na mgonjwa anayepata nafuu hununuliwa chupa ya dawa ya kuongeza damu na hamu ya kula. Mazoea hayo yanaeleweka, lakini yanapotosha kidogo, kwa kuwa vitamini haina nishati ya kuchomwa mwilini kama ugali au mafuta. Ni kifaa kidogo ambacho kimeng'enya, yaani protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia mwilini, hukishika ili kiweze kufanya kazi yake, kama mshonaji anavyohitaji sindano. Kwa sababu sindano moja hushona nguo nyingi, kinachohitajika ni kidogo sana. Na kwa sababu mwili hauwezi kujichongea sindano hiyo, ikipotea, kitambaa na uzi hubaki mezani vilivyo. Wadudu wako katika shida hiyo hiyo tuliyo nayo sisi. Vitamini za kundi B lazima wazile au wazipate kwa viumbe wengine wanaoweza kuzitengeneza, hasa mimea, hamira na bakteria.

Tuanze na vitamini B6, kwa kuwa sioni nyingine inayoonyesha jambo hili waziwazi zaidi. Ikishaingia ndani ya seli na kubadilishwa kuwa umbo lake la kazi, B6 hushikwa na kimeng'enya kinachogeuza glutamati, kemikali ya kuziamsha neva, kuwa gaba, kemikali ambayo neva huitumia kuzituliza neva nyingine. Vimeng'enya vingine vinavyoishika B6 hiyo hiyo hutengeneza dopamini, serotonini, histamini na tiramini, na tiramini ndiyo inayogeuzwa kuwa oktopamini, kemikali ambayo kwa mdudu hufanya kazi inayofanana na ile ya adrenalini kwa binadamu: kumwamsha, kumtayarisha kuruka, kumtia moyo wa kupigana au kukimbia. Hatua hiyo ya mwisho nayo hufanywa na kimeng'enya chenye madini ya shaba ambacho husaidiwa na vitamini C. Karibu kila neno ambalo neva za mdudu huambiana limepita mahali fulani mikononi mwa vitamini.

Ushahidi wake umeonekana kwa nzi wa matunda, wale wadogo wanaoelea juu ya ndizi zilizoiva kupita kiasi jikoni. Watafiti waligundua nzi wenye hitilafu katika jeni ya kimeng'enya kinachoikamilisha B6. Nzi hao huishi vizuri wakila chakula chao cha kawaida cha maabara. Wakiwekwa kwenye sukari tupu hupatwa na degedege na kufa mapema, na wakipewa B6 iliyokwisha kukamilishwa hupata nafuu. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walikwenda mbali zaidi: waliiondoa jeni ya nzi na kuweka mahali pake jeni ya binadamu yenye hitilafu zinazojulikana kuwaletea watoto wachanga kifafa kikali. Nzi hao walionyesha dalili zilizotofautiana kulingana na aina ya hitilafu na kulingana na chakula walichopewa. Nasisitiza neno chakula, maana hitilafu ile ile ya urithi ilifichwa na sahani moja na kufichuliwa na nyingine.

Msomaji aliyewahi kumhudumia mgonjwa wa kifua kikuu huenda anakumbuka kidonge kidogo cha pairidoksini kilichoambatana na dawa kubwa. Kidonge hicho ni B6. Isoniazidi, mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu, huvuruga B6 mwilini. Mgonjwa asipoongezewa anaweza kupata ganzi na hali ya kuchomwachomwa miguuni, na mtu aliyemeza isoniazidi kupita kiasi hupatwa na degedege kwa sababu gaba imepungua ubongoni mwake. Nzi wa maabara na mgonjwa wa zahanati hawafanani kwa lolote la nje, lakini kimeng'enya kinachotengeneza gaba katika vichwa vyao kina asili moja na kinadai kifaa kimoja.

Nzige walioivamia Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa 2019, ambao nchini Kenya hayakuonekana makundi makubwa kama yao kwa miaka 70, nao wanaingia katika habari hii. Nzige wa jangwani huwa na tabia mbili: akiwa peke yake huwakwepa wenzake, na akisongamana nao kwa saa chache hugeuka akawafuata. Mwaka 2009 ilithibitishwa kwamba kinachoigeuza tabia hiyo ni kupanda kwa serotonini katika mafundo ya neva ya kifuani mwake, na kwamba kuguswaguswa miguu ya nyuma kunatosha kuipandisha. Serotonini hiyo haikamiliki bila kimeng'enya kinachotumia B6. Sisemi kwamba B6 ndiyo iliyoleta nzige. Mvua na upepo ndivyo vilivyowaleta. Nasema kwamba hata uamuzi wa mdudu kujiunga na kundi umeundwa kwa vifaa alivyovila majanini. Nzige, kwa njia, ni miongoni mwa wadudu wanaohitaji pia vitamini C katika chakula chao, jambo lililoonekana tangu walipoanza kufugwa kwa vyakula vya kutengenezwa.

Kuhusu macho, kisa ni cha vitamini A. Protini inayonasa mwanga ndani ya jicho la mdudu, kama ilivyo katika jicho letu, haioni kitu mpaka ibebe kipande kidogo kinachotokana na karotini, ile rangi ya manjano na machungwa iliyomo katika papai, embe na karoti na iliyojificha ndani ya kijani cha mchicha. Nzi hutumia kipande kinachotofautiana kidogo na chetu, na tofauti hiyo iligunduliwa mwaka 1983. Mwaka 1964 watafiti walifuga nzi wa nyumbani kwa chakula kisicho na karotini wala vitamini A, na macho yao yakapoteza sehemu kubwa mno ya uwezo wa kuhisi mwanga. Lakini nzi wenyewe waliishi. Hapo kuna tofauti kubwa na sisi: mtoto anayekosa vitamini A hudhoofika kinga, ngozi na utando wa matumbo, naye anaweza kufa kwa surua, na ndiyo sababu watoto wetu hupelekwa kliniki kupewa matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka. Kwa nzi, vitamini hiyo inakaribia kuwa mali ya jicho peke yake.

Kimeng'enya kinachoikata karotini na kuifanya vitamini A kilijulikana kwa mara ya kwanza katika ngazi ya jeni mwaka 2000, na kilipatikana kwa nzi wa matunda kabla ya kupatikana kwa binadamu au ng'ombe. Baadaye ikaonekana jambo ambalo binafsi sikulitarajia, kwamba ukataji huo unaolihudumia jicho haufanyiki ndani ya jicho lenyewe. Karotini hufyonzwa utumboni na husafirishwa, kisha hukatwa katika seli za neva na seli saidizi zilizo nje ya retina, tabaka la jicho linalonasa mwanga, ndipo bidhaa iliyo tayari ifikishwe kwenye jicho. Na jicho likishaunasa mwanga, hupeleka habari kwa ubongo kwa kutumia histamini, ambayo, kama tulivyoona, hutengenezwa kwa B6. Kwa hiyo mbung'o anayetua kwenye kitambaa cha buluu cha mtego amevutiwa na rangi hiyo kwa vitamini mbili zilizopokezana. Mbung'o hahitaji mchicha ili kuipata ya kwanza, kwa sababu damu ya mnyama huisafirisha vitamini A ikiwa imekwisha kutengenezwa. Ya pili ndiyo yenye mashaka.

Vitamini B2 ina kazi yake ya pekee. Ndani ya neva zinazoendesha saa ya mwili wa nzi mna protini iitwayo kriptokromu, ambayo hushika umbo moja la B2 kama kioo cha kunasia mwanga wa buluu. Mwanga ukiifikia, protini hiyo hubadilika na kusababisha kuvunjwa kwa sehemu mojawapo ya saa, na saa ikajirekebisha kufuata alfajiri ya siku hiyo. Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kuifumbua saa hiyo kupitia nzi wa matunda. Wapo wanaoamini pia kwamba kriptokromu humwezesha mdudu kuhisi usumaku wa dunia. Jaribio la 2008 liliunga mkono wazo hilo, na majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2023 hayakuliona jambo hilo kwa nzi. Mimi ningeliacha suala la usumaku likiwa bado halijaamuliwa, lakini saa haina ubishi. B2 hiyo inayonasa mwanga huharibiwa na mwanga pia. Mwaka 2021 ilibainika kwamba viluwiluwi vya mbu wa homa ya dengi, ambao kwa kawaida hawakui bila bakteria katika maji yao, waliweza kukua bila bakteria hao walipopewa vitamini na kuwekwa gizani, kwa sababu gizani B2 haikuoza. Wanachopewa na bakteria kila siku, pamoja na mambo mengine, ni B2 mpya ya kuifidia iliyoliwa na jua.

Hata vitamini ikiwemo mwilini, kuufikia ubongo ni safari nyingine. Damu ya mdudu haipiti katika mishipa midogo kama yetu. Huogelea ndani ya uwazi wa mwili na kuvizunguka viungo vyote. Mara nyingi ina potasiamu nyingi, ambayo ingezifikia neva zilizo wazi ingezizima. Kwa hiyo ubongo wa mdudu umefunikwa na tabaka za seli saidizi zilizoshonana sana, na kila kinachohitajika ndani lazima kipitishwe na protini za mlangoni. Ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda iliyotolewa mwaka 2024 ilihesabu neva zipatazo 139,000, na nilipoitazama nilivutiwa na idadi hiyo kama kila mtu. Lakini ramani ya waya haituambii ni mlango gani unaopitisha B1 na ni upi unaopitisha B6, nayo ni ramani ambayo ningependa kuiona ikichorwa kwa juhudi ile ile.

Si kila vitamini yetu ni yao. Binadamu akikosa B12 kwa miaka, uti wake wa mgongo huharibika na miguu ikapoteza hisia. Wadudu wengi waliopimwa hawakukutwa na B12 ya kuonekana, na neva zao zimepanga mambo bila ya kuitegemea. Mchwa ni tofauti, kwa kuwa utumbo wao umejaa bakteria wanaoitengeneza.

Sasa turudi kwa mbung'o wetu. Ndani ya utumbo wake, sehemu ya mbele, kipo kiungo chenye umbo la herufi U ambacho seli zake zimejaa bakteria. Vincent Wigglesworth, Mwingereza aliyejenga sehemu kubwa ya elimu ya miili ya wadudu, alikieleza mwaka 1929, na bakteria hao walipewa jina lake, Wigglesworthia, mwaka 1995. Wao na mbung'o wamekuwa pamoja kwa mamilioni ya miaka, na hakuna mbung'o wa porini asiyekuwa nao. Orodha yao ya urithi, iliyosomwa yote mwaka 2002, ni fupi ajabu, haifiki herufi 700,000. Bakteria wa kawaida wa matumbo yetu wana zaidi ya milioni 4. Wametupa karibu kila kitu ambacho kiumbe anayejitegemea hukihitaji. Lakini wamebakiza jeni zaidi ya 60 za kutengenezea vitamini na vifaa vingine vya vimeng'enya. Bakteria aliyeuza nyumba, shamba na ng'ombe akabaki na karakana ya vitamini anatuambia wazi analipwa kwa kazi gani.

Kwamba karakana hiyo ni ya lazima kulionyeshwa na mtafiti wa Ujerumani, Gerhard Nogge, katika miaka ya 1970, kwa majaribio ninayoyahesabu miongoni mwa mazuri kabisa katika elimu ya wadudu. Aliwachanja sungura kwa bakteria hao ili damu ya sungura itengeneze kinga dhidi yao, kisha akawaacha mbung'o wawanyonye sungura hao. Kinga iliyomo katika damu ikaingia tumboni mwa mbung'o na kuwashambulia wapangaji wake. Mbung'o hawakufa papo hapo, walikuwa tasa. Alipowaongezea vitamini za kundi B katika damu waliyolishwa, uzazi ulirudi kwa sehemu. Ndani ya jaribio hilo moja umo ushahidi kwamba tumbo la mbung'o lina mtoa huduma, na kwamba huduma yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni vitamini.

Uzazi wa mbung'o haufanani na wa nzi wengine. Jike hubeba mtoto mmoja tumboni kwa wakati mmoja na humlisha kwa maziwa yanayotoka katika tezi maalumu, na bakteria hao huingia kwa mtoto kupitia maziwa hayo. Kila baada ya siku tisa au kumi humzaa buu mweupe mnono, ambaye uzito wake unaweza kuuzidi wa mama yake aliyekwisha kujifungua. Buu huyo hupiga mbizi katika udongo wa kivulini na kugeuka pupa, umbo la mpito kabla ya kuwa mdudu kamili, bila kula kitu. Kila vitamini atakayoanza nayo maisha, na neva zote zitakazoundwa humo ardhini, zimetokana na alichonyonya tumboni. Kama mama alikuwa na upungufu, hakuna mlo wa kuusahihisha kabla macho na ubongo havijakamilika.

Upo pia ushahidi wa 2014 unaotuleta karibu zaidi na neva na misuli. Mbung'o harukii sukari. Huruka kwa kuchoma prolini, mojawapo ya asidi za amino, na mzunguko wa kuijenga upya prolini hiyo unakipitia kimeng'enya kinachotumia B6. Mbung'o walioondolewa bakteria wao walipungukiwa B6, prolini ikashuka katika damu yao, na walipoongezewa B6 hali ikarekebishika. Kwa hiyo B6 ile ile ambayo ubongo unaidai kwa ajili ya gaba, dopamini na histamini, misuli inaidai kwa ajili ya kuruka na tumbo linaidai kwa ajili ya mimba. Wadai ni watatu na karakana ni moja. Nani hulipwa kwanza B6 ikipungua? Uangalizi mwingi wa wataalamu umeelekezwa kwenye uzazi, na kwa haki, kwa kuwa uzazi ndio unaohesabika kwa urahisi. Naona wakati umefika wa kuhesabu pia jinsi mbung'o mwenye upungufu anavyoona, anavyonusa, na anavyokumbuka.

Nina sababu ya kulisisitiza hilo. Vita vyetu dhidi ya mbung'o tayari ni vita dhidi ya neva. Dawa zinazopakwa kwenye vitambaa vya buluu na kwenye migongo ya ng'ombe ni za jamii ya pairethroidi, ambazo hubana wazi milango ya sodiamu katika neva na kumwangusha mdudu akitetemeka. Zimesaidia sana, vitambaa vidogo vya namna hiyo vilivyochomekwa kando ya mito vimechangia kupunguza malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o, nchini Uganda na Kongo. Lakini dawa ya neva haimjui mbung'o kwa jina. Inayomwangusha mbung'o inaweza kumwangusha nyuki, na ikifika mtoni humwua samaki. Njia ya vitamini ina sifa ya kuwa ya mbung'o mwenyewe, kwa kuwa hakuna nyuki mwenye Wigglesworthia.

Hata hivyo sitaki kuiuza njia hiyo kwa bei isiyo yake. Wapo wanaoliona jambo hili kuwa rahisi: mpe ng'ombe antibayotiki, mbung'o anyonye, bakteria wafe. Ninalipinga wazo hilo bila kusita. Kuwajaza ng'ombe antibayotiki kila wiki ni kuzalisha usugu wa dawa katika maziwa, nyama na mbolea, na familia ya mfugaji ndiyo itakayoubeba kwanza. Tena kuna kikwazo cha pili kilicho kizito zaidi kwa mtazamo wa elimu. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba buu asiyepata Wigglesworthia tumboni hukua na kinga dhaifu, na majaribio mengine yameonyesha kwamba mbung'o wazima wasio nao hupokea vimelea vya malale na vya nagana, ugonjwa wa mifugo unaofanana nao, kwa urahisi zaidi kuliko wenzao. Mpango wa nusunusu, unaowapunguza bakteria hao bila kuwamaliza mbung'o, unaweza kutuachia wadudu wachache wanaoeneza ugonjwa vizuri zaidi. Anayependekeza kuvunja karakana hiyo lazima kwanza aeleze atafanya nini na mbung'o watakaobaki hai.

Mahali ambapo elimu ya vitamini na neva ingetumika mapema zaidi, kwa maoni yangu, ni katika ufugaji wa madume tasa. Kisiwa cha Unguja kilisafishwa mbung'o kwa njia hiyo. Madume walizalishwa Tanga, wakafanywa tasa kwa mionzi, kisha wakaachiliwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya milioni 8 kati ya 1994 na 1997, na mbung'o wa mwisho wa porini akanaswa mwaka 1996. Njia hiyo inafaulu kwa sababu jike wa mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, na akipandwa na dume tasa hatazaa. Lakini dume huyo hatafuti jike kwa bahati. Humwona kwanza, kama kitu kidogo kinachopita kwa kasi, humkimbilia, humgusa, na kwa kumgusa huitambua harufu iliyo juu ya ngozi yake. Dume wa kiwandani anashindana na dume wa porini katika kuona, katika kuruka na katika kuamua upesi.

Dume huyo wa kiwandani amelelewa kwa damu ya ng'ombe ya machinjioni, iliyogandishwa, ikayeyushwa, na kuwekwa chini ya utando wa silikoni uliopashwa joto ili autoboe kama ngozi. Baadaye amepigwa mionzi. Tunajua kwamba B2 huharibiwa na mwanga, na kwamba B1 haistahimili joto wala mionzi vizuri. Ubora wa madume hao hupimwa kwa kuangalia ni wangapi wanaoruka kutoka katika bomba na wanaishi siku ngapi. Ni vipimo vyema, lakini havimwulizi dume kama ameona. Maabara yenye kompyuta ya kawaida na waya mwembamba inaweza kupima jinsi jicho la mdudu linavyoitikia mmweko wa mwanga, na kipimo cha B6 katika kichwa cha mdudu hakihitaji mitambo ambayo vyuo vikuu vyetu havina. Kazi hiyo inaweza kufanywa Tanga, inaweza kufanywa Nairobi, na ingefaa ifanywe kwa kuwalinganisha ndugu wa kundi moja waliolishwa damu yenye vitamini zilizoongezwa na waliolishwa damu kama ilivyotoka machinjioni, kabla ya sanduku lolote la madume kupakiwa tena kwenye ndege.